Mgeni Aliyetajwa Katika Amri

Wazee wetu katika imani walipokezana kisa hiki, nasi tumekipokea kwao, kwamba katika nchi ya Unubi, zama zile wafalme wake walipokuwa wakimsujudia Kristo na makanisa yakisimama kandokando ya mto Naili, aliishi mkulima mmoja aliyeitwa Dauti. Alikuwa Mkristo, mwana wa Wakristo, mjukuu wa Wakristo. Alifunga kila mfungo, akatoa zaka bila kupunja, na hapakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Ila furaha hakuwa nayo hata chembe. Amri za Mungu alizishika kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake sokoni, mwenye mzigo akaenda zake asirudi.

Amri iliyomkera kuliko zote ilikuwa ile ya siku ya Bwana. Si kwamba aliivunja. Laiti angeivunja, pengine mkewe angepumzika. Aliishika kwa meno. Jua la Jumamosi likianza tu kushuka, yeye alianza kuguna. Jumapili alirudi kanisani amenuna, akaketi mlangoni, akalitazama shamba lake na kuzitaja kwa sauti kazi zote ambazo zingekuwa zimekwisha. Ukicheka, alikuuliza kilichokuchekesha. Ukiimba, alikukumbusha kwamba leo ni siku takatifu. Mkewe Neuesi, mwanamke mcha Mungu ambaye ulimi hakunyimwa, alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku sita anaishi na mkulima, na ya saba anaishi na mfiwa.

Abba Mena, kasisi wa kijiji kile, alimwita siku moja akamweleza kwa upole kwamba Mwenyezi Mungu aliwapa siku ile watu waliotoka utumwani Misri, watu ambao tangu kuzaliwa hawakujua kupumzika ni nini. Haikuwa adhabu, akasema, ilikuwa hati ya uhuru. Dauti alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba babu yake hakuwahi kuwa mtumwa Misri, na kwamba magugu hayajui kupumzika. Abba Mena akamshukuru Mungu kwa neema ya subira, akaenda zake.

Basi katika kijiji kile maji ya mto yalipandishwa mashambani kwa gurudumu kubwa la mbao, lenye vyungu vilivyofungwa kwa kamba, likizungushwa na ng'ombe. Gurudumu lilikuwa moja na nyumba zilikuwa kadhaa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ikiangukia siku ya Bwana, ilikufa hapohapo. Mwenye zamu alisubiri mzunguko mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi tangu mababu, na hakuna aliyenung'unika sana, kwa kuwa kila mtu zamu ilimfia wakati wake.

Mwaka huo mto ulishuka mapema, na mtama wa Dauti ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Ukipata maji wiki ile, watu wa nyumba yake wangekula mwaka mzima. Ukikosa, masuke yangekauka matupu. Na zamu yake ikaangukia Jumapili.

Neuesi alimwambia jambo lililo wazi. Zamu ya Jumatatu ilikuwa ya jirani yao Papasa, ambaye mtama wake ulikwisha kukomaa na maji hayakumlazimu. Aende akamwombe. Dauti alisikia akageuka upande wa pili. Yeye na Papasa hawakuwa wamesemezana tangu mavuno yaliyopita, kwa sababu ya vyungu. Dauti alidai kwamba Papasa huvichukua vyungu vizima vya gurudumu akavifunga siku ya zamu yake, na kuwaachia wenzake vilivyopasuka. Papasa alidai kwamba Dauti ndiye huvipasua kwa kumwendesha ng'ombe kwa hasira. Ukweli wa mambo ni kwamba vyungu hupasuka.

"Baba Tamari," Neuesi alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa ng'ambo ya mto, "kuomba maji si kuomba figo."

Dauti akajibu kwamba ni heri mtama ukauke kuliko kumpa Papasa raha ile. Lakini usiku hakulala, na alfajiri alikuwa amepata hila. Na hapa ndipo kila anayesimulia kisa hiki humchoka mtu huyu, maana angeweza kuvuka ua mmoja akaomba radhi, naye akaona ni rahisi zaidi kumzunguka Mungu.

Palikuwa na mgeni kijijini pale, mtu wa jangwani aliyeitwa Hadab. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mkono kwa mkono, akafanya kazi kwa mabwana asiowakumbuka wote, mpaka bwana wa mwisho alipofia njiani na msafara ukatawanyika. Tangu hapo alikuwa akilala kandokando ya kuta za watu na kufanya kazi yoyote kwa chakula. Hakuwa Mkristo, na lugha ya Kinubi aliijua nusunusu. Dauti akawaza: huyu hakubatizwa, amri hazimhusu. Nitampa kikapu cha tende, atamwendesha ng'ombe Jumapili, nami nitakaa nyumbani nimepumzika kama ilivyoamriwa. Hakumwuliza Abba Mena, kwa sababu alijua akiuliza atajibiwa.

Likabaki jambo la kelele. Gurudumu lile lilipozunguka lililia kwa sauti ya kukata maini, likasikika mpaka kijiji cha pili. Hakuna aliyewahi kulipaka mafuta, kwani kilio kile ndicho kilichomwambia mwenye zamu, akiwa mbali shambani, kwamba ng'ombe anatembea. Jumamosi, kabla jua halijazama, Dauti akaenda na kibuyu cha mafuta ya mbarika akaupaka mhimili, akapaka na meno ya gurudumu, akarudia tena palipong'ang'ania. Alipolisukuma kwa mkono likazunguka kimya kabisa. Akaridhika, kana kwamba Muumba wa mbingu na nchi hutegemea masikio ya majirani.

Asubuhi yake watu wakakusanyika kanisani. Ilikuwa desturi ya kanisa lile kwamba waamini wote huzikariri amri za Mungu kwa pamoja, kwa sauti kuu, wadogo kwa wakubwa. Walipofika kwenye amri ya siku ya mapumziko, wakasema kwamba siku hiyo usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala ng'ombe wako, wala mgeni aliye ndani ya malango yako. Dauti alisema vizuri mpaka kwenye ng'ombe. Palipofuata mgeni, akakohoa. Neuesi akamtazama, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kizima tangu jana na juzi.

Adhuhuri watu walipokwisha kula na kujilaza, Dauti akatoka akisema anakwenda kunyoosha miguu. Alimkuta Hadab amekwisha kumfunga ng'ombe nira. Yeye mwenyewe akasimama mbali kidogo, chini ya mgunga, akiwa ameamua kwamba kusimama si kazi, na akawa anatoa maagizo kwa nyusi.

Hadab akamgusa ng'ombe kwa fimbo. Ng'ombe akapiga hatua, gurudumu likazunguka bila sauti, ng'ombe akasimama. Akamgusa tena, hatua, kimya, akasimama. Akambembeleza, akamvuta, akamwonyesha majani, na mambo yakawa yaleyale. Ng'ombe yule tangu ndama alizoea kutembea gurudumu likilia, na gurudumu lisipolia kwake maana yake kazi imekwisha. Wala hakuwa na kosa. Dauti alijishika kichwa, maana kosa lilikuwa linanuka mbarika mikononi mwake.

Akatoka kivulini kuja kumsukuma mwenyewe, basi na liwe liwalo. Hadab alikuwa amesimama akifikiri. Asubuhi ile alikuwa nje ya ukuta wa kanisa akimlinda ng'ombe, na katika maneno yale mengi yaliyosemwa kwa pamoja alilitambua moja.

"Bwana," akasema, "leo mlimtaja ng'ombe kwa Mungu wenu. Mlisema nini?"

Dauti akajibu upesi, ili yaishe, kwamba ni amri tu, kwamba siku hii ng'ombe hafanyi kazi. Hadab akamtazama ng'ombe kwa heshima mpya.

"Kumbe anajua. Na mtumwa je?"

"Naye hafanyi."

Hadab akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ameomba kitu: "Na mgeni? Mungu wenu alimtaja na mgeni?"

Hapo, wapendwa, palikuwa na neno moja tu la kusema: hakumtaja. Hadab hakujua kusoma, hakuwa na wa kumwuliza, na kwa neno hilo moja la uongo angemvuta ng'ombe kwa pembe mpaka maji yafike shambani. Mtama wote ulikuwa ndani ya neno hilo, na njaa ya mwaka mzima. Dauti alilifikisha mpaka kwenye midomo. Lakini amri za Mungu alizishika kwa meno tangu utotoni, na meno hayakufunguka. Maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mtu kwa maneno ya wazi. Alikasirika mpaka machozi yakamlenga, akamlalamikia Mungu moyoni kwamba amezingirwa pande zote, akikwepa amri hii anaiangukia ile.

"Umetajwa," akasema. "Wewe na mtumwa na ng'ombe, wote mmetajwa. Leo msifanye kazi."

Hadab akaiweka fimbo chini taratibu. Akamfungua ng'ombe nira, akamsugua shingo pale ilipombana, akamwachia aende kwenye majani. Kisha akaketi juu ya ardhi, mikono juu ya magoti, kama asiyejua mtu aliyepumzika huiweka wapi.

"Siku nzima?"

"Mpaka jua lizame."

"Na nikikaa, jioni hakuna wa kunipiga?"

"Nani akupige?" Dauti akasema kwa ukali, kwa kuwa alikuwa angali amekereka. "Ni amri ya Mungu."

Hadab akaufunika uso wake kwa viganja, na mabega yakamtetemeka. Dauti hakujua kama mtu yule analia au anacheka, na hakuwa na hamu ya kujua. Amepoteza maji, amepoteza na mfanyakazi, kwa mdomo wake mwenyewe. Akaketi naye. Baada ya kitambo Hadab akauliza kama inaruhusiwa kulala chali. Dauti akasema inaruhusiwa. Akauliza kama inaruhusiwa kucheka. Dauti alifungua kinywa amwambie kwamba leo ni siku takatifu, na maneno yakakataa kutoka. Alimwona mtu mzima, mwenye mvi, akiomba ruhusa ya kucheka, na haya ikamshika.

"Inaruhusiwa," akasema. Hakukumbuka kama aliwahi kulitamka neno hilo siku ya Jumapili.

Neuesi akatokea akimtafuta mumewe, na mkate kwenye kitambaa. Akamwona ng'ombe yuko malishoni na nira iko chini, akauona mhimili unang'aa mafuta, akayaelewa yote. Aliketi akaumega mkate, akaanza na mgeni.

Hadab alipokula akauliza kama Mungu wao alisema na mengine. Dauti akamwambia ziko amri nyingine. "Nazo zinanitaja?" Dauti alikuwa amechoka na maswali, lakini Neuesi alimtazama kwa namna fulani, naye Dauti akaanza.

Akasema: usiue. Hadab akaligeuza neno hilo polepole. Je, maana yake hakuna ruhusa ya kumwua yeye, hata kama hana ndugu wa kumlipia kisasi? Dauti akasema hakuna. Akasema: usizini. Hadab akasema akioa atafurahi kuisikia tena. Akasema: usiibe. Hapo Hadab akachora mchangani kwa kidole.

"Wale walionichukua kwa mama yangu," akasema, "waliivunja hii?"

"Waliivunja," akasema Dauti.

"Basi siku ile Mungu wenu alikuwa upande wangu, nami sikujua."

Tangu utotoni Dauti alilisikia neno lile likimkataza yeye, fimbo iliyolazwa njiani mwake. Hakuwahi kusimama upande wa pili, waliko walioibwa. Alizipitia moyoni zile nyingine, moja baada ya moja, na kila moja aliikuta na mtu nyuma yake aliyejificha akilindwa. Na akajikuta na yeye mwenyewe, Dauti, analindwa tangu kuzaliwa kwake, analala mlango wazi, anaamka na mke wake na ng'ombe wake, na hajawahi kusema ahsante. Maji ya mto yalisikika yakipita, na Neuesi alikuwa akiimba wimbo puani bila kumwogopa. Dauti akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Endelea, Baba Tamari," akasema Neuesi. "Bado."

Akasema ile ya kutoshuhudia uongo, na Hadab akasema hiyo ameiona leo kwa macho. Ikabaki ya mwisho. Dauti akaanza: usiitamani nyumba ya jirani yako, wala shamba lake, wala ng'ombe wake. Akasita. Wiki nzima alikuwa ameitamani Jumatatu ya Papasa, akaitamani mpaka chuki, ilhali kuiomba hakutaka. Akasimama akajikung'uta vumbi.

"Unakwenda wapi?" Neuesi akauliza.

"Kwa Papasa."

"Leo ni siku takatifu, hufanyi kazi."

"Kupatana si kazi, Mama Tamari."

"Kwa Papasa," akasema Neuesi, "ni kazi."

Na kweli ilikuwa kazi. Papasa alikuwa mtu wa kusamehe, lakini si wa kusamehe upesi. Dauti alimweleza yote bila kuficha, vyungu na kinyongo, mgeni na mafuta, akaomba radhi, akaomba na maji. Papasa akamwita mkewe aje asikie, akamtaka Dauti aanze upya. Kisha akakisimulia kisa cha vyungu toka mwanzo, kwa upande wake, bila kuacha hata kigae. Dauti akakaa akasikiliza. Siku nyingine angeondoka kabla ya chungu cha kwanza. Siku ile, mwenyewe akastaajabu, hakuwa na haraka, kwa kuwa kazi ya kufanya hakuwa nayo na mtu wa kumshinda hakuwa naye. Mwishowe Papasa akampa maji ya Jumatatu mpaka adhuhuri, na maneno mpaka jioni.

Alfajiri ya Jumatatu walionekana wanaume watatu, Dauti, Papasa na Hadab, wakisugua mhimili kwa majivu na mchanga ili gurudumu lipate kulia, wakilaumiana kila mmoja kwa lugha yake. Lilipolia, ng'ombe akatembea. Maji yakafika nusu ya shamba. Nusu ya mbali ilikauka, na mwaka ule nyumba ya Dauti ilikula kwa kipimo, mtama ukichanganywa na kunde, na Hadab akiwa mezani pao. Alibaki kuwa mtu wa nyumba ile, akilipwa haki yake, na Pasaka iliyofuata Abba Mena akambatiza.

Neuesi, Mungu amrehemu, hakuishiwa na malalamiko. Alisema kwamba sasa kila Jumapili mumewe anaimba, tena vibaya, na kwamba ukimwomba anyamaze anakuambia inaruhusiwa.

Ndugu zangu, Mungu atusamehe, wengi wetu tumezaliwa ndani ya nyumba aliyotujengea, na kazi yetu ni kuzilalamikia kuta. Tunasema zinatubana. Ukitaka kujua kuta zile ni za nini, mwulize aliyelala nje.